Maradhi ya Ulaji katika Ghala la Taifa

Msafiri atokaye Morogoro akaupanda mlima wa Kitonga, akazipita nyanya za Ilula zilizopangwa kando ya barabara katika ndoo na matenga, akaingia Iringa mjini, kisha akashika njia ya Mafinga na Makambako hata Mbeya, hupita katika nchi ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa ghala la taifa. Mahindi ya Ismani, mpunga wa Usangu na wa Kyela, viazi vya Uporoto, ndizi za Rungwe, maharage, njegere, maziwa na chai ya Mufindi ni akali tu ya neema zilizojaa huku. Kwa hiyo mtu akisimuliwa kwamba katika nchi ya namna hii yumo binti aliyezungukwa na chakula, asiyezuiwa na mtu wala na ufukara, naye akajinyima mpaka mbavu zikahesabika, au kwamba yumo kijana alaye kwa siri chungu kizima kisha akajitapisha, hushangaa, na mshangao wake aghalabu huishia katika kukanusha. Husema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, ni deko la watu walioshiba, na kwamba Mhehe au Mnyakyusa hawezi kuugua ugonjwa wa kukataa ugali.

Lakini nchi hii hii imekwisha kutufundisha kwamba wingi wa chakula shambani si dhamana ya siha mwilini. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa asilimia 57 ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, ilhali kiasi cha Tanzania nzima ni asilimia 30. Kudumaa kwa watoto si maradhi ninayokusudia kuyaeleza leo, maana yana sababu zake katika ulishaji wa mtoto mchanga, katika maji, katika maradhi ya kuhara na katika kazi nyingi za mama zisizomwachia wasaa wa kumlisha mwanawe mara kwa mara. Nimeyataja kwa kuwa yanatuondolea ile dhana kwamba penye ghala hapana njaa. Na mtu akiisha kuiacha dhana hiyo, hatakuwa na uzito wa kuamini kwamba yako maradhi ambayo chakula kipo, mkono upo, kinywa kipo, ila nafsi ndiyo iliyozuia, au ndiyo iliyoshindwa kujizuia.

Ugumu wa kuyatambua maradhi hayo katika Mbeya na Iringa una historia, nayo ni historia ya msiba. Katika miaka ya themanini, maradhi mapya yalipoonekana nchini Uganda, watu waliyaita kwa jina la wembamba kwa jinsi yalivyowayeyusha waliopatwa, na tangu hapo katika Afrika ya Mashariki yote kukonda kukawa ushahidi uliotolewa hadharani dhidi ya mtu. Nyanda za Juu Kusini ziliumia kuliko sehemu nyingi. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2007 na 2008 ulikuta virusi vya UKIMWI katika asilimia 15.7 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa, wakati Njombe ilikuwa bado ndani yake, na asilimia 9.2 ya watu wa Mbeya, ambapo kiasi cha nchi nzima kilikuwa asilimia 5.7. Hapana ukoo ambao haukuzika. Ndiyo maana hata leo, ingawa dawa za kufubaza virusi zimewarudishia watu miili na maisha yao, mtu akipungua kilo kadhaa majirani hutazamana, mashangazi hunong'ona, na mwenyewe huanza kujificha ndani ya masweta, jambo ambalo kwa baridi ya Mafinga na ya Uyole halimshtui mtu yeyote.

Basi chukua mfano wa binti wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa shule ya bweni, arudiye nyumbani likizo ya Desemba akiwa amepungua nusu ya mwili aliokwenda nao. Wazazi wake, ambao hawana kosa hata kidogo kwa kuogopa waliyoyaona, humpeleka kupimwa virusi, naye huonekana hana. Humpeleka kupimwa kifua kikuu, naye huonekana hana. Na majibu mawili hayo mema, badala ya kufungua mlango wa tatu katika hospitali ile ile, huwatoa nje kabisa, wakaenda kwa mganga aliyepo tayari kuwatajia jina la jirani mwenye husuda. Wakati wote huo binti anaendelea kupungua. Hakuna aliyemuuliza swali jepesi kuliko yote, yaani anakula nini, anakula na nani, na anapokitazama chakula moyo wake unasema nini.

Matabibu wameujua ugonjwa wa kujinyima kwa muda mrefu. Mwaka 1873 Sir William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, walieleza habari za wasichana waliokonda bila ya kifua kikuu, bila ya homa, bila ya uvimbe wowote tumboni. Na Gull ndiye aliyeupa ugonjwa jina lililoenea, ambalo sisi tunaweza kulitamka anoreksia nevosa. Mwenye maradhi haya hula kidogo mno kuliko haja ya mwili wake, hushikwa na hofu kubwa ya kunenepa au hujiona mnene ilhali kila mtu anaona mifupa, na wengi wao hawakubali kwamba wanaumwa. Huo mwisho ndio unaowachosha wazazi. Mgonjwa wa malaria hulalamika, lakini mgonjwa huyu huenda akasema yu mzima kuliko siku zote, akaamka alfajiri kukimbia mlimani, akafaulu mitihani, akasifiwa kwa bidii na kwa kiasi.

Ili kufahamu kwa nini kumwambia mtu kama huyo "kula basi" hakufui dafu, yafaa kukumbuka jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, tangu Novemba 1944 hata mwisho wa mwaka 1945. Vita vilikuwa vikielekea kwisha na Ulaya ilikuwa imejaa watu wenye njaa, na bwana mmoja mtaalamu, Ancel Keys, alitaka kujua namna bora ya kuwalisha. Vijana 36 wenye afya kamili, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hawa hawakuwa na hofu ya kunenepa, wala hawakuwa na maradhi ya akili. Walikuwa wameteuliwa kwa uthabiti wao. Walakini njaa ilipowashika, fikra zao zote zilihamia katika chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo barua za mpenzi wake, walikikalia chakula kidogo kwa saa nzima wakikikatakata na kukichanganya, waliota ndoto za vyakula, waliona baridi wakati wa joto, walikasirika kwa jambo dogo, walijitenga na rafiki zao, na matamanio ya mwili yaliwatoka. Mmoja wao alifikia kujikata vidole vitatu kwa shoka. Hata walipoanza kulishwa upya, wapo waliokula bila ya kujua kikomo kwa majuma mengi.

Jaribio hilo lilidhihirisha kwamba njaa yenyewe, hata isipotanguliwa na maradhi ya akili, huipinda akili. Yule binti wetu huenda alianza kwa azma ndogo ya kupunguza tumbo kabla ya harusi ya dada yake, au kwa neno moja la kebehi alilotupiwa na wenzake bwenini; lakini mwili ukiisha kupungua kupita kiasi, njaa hushika usukani, na mambo tunayoyaita ukaidi, kiburi na jeuri huwa kwa sehemu kubwa ni taathira za njaa yenyewe. Kwa hiyo kumkaripia ni kumdhulumu, na kumngojea mpaka atake mwenyewe ni kumwacha katika hatari, kwa sababu kutaka kwenyewe kumekwisha kuugua.

Hatari hiyo si ndogo. Katika maradhi yote ya akili, anoreksia ni mojawapo ya yale yauayo watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wagonjwa wake, baadhi kwa moyo kusimama na baadhi kwa kujitoa uhai. Mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka, hedhi hukatika au kwa msichana mdogo haianzi, mifupa hupoteza madini katika miaka ile ile ambayo ingekuwa ikijijenga kwa ajili ya maisha yote, nywele hukatika, ngozi hukauka, na malaika laini huota mgongoni na mashavuni, kwani mwili unajaribu kujifunika. Binti huzimia akiwa mstarini asubuhi, na kwa kuwa kuzimia kwa wasichana shuleni kuna tafsiri zake zilizozoeleka, huombewa au hupewa maji ya sukari, akarudishwa darasani.

Ndugu wa maradhi haya ni bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell wa London mwaka 1979, ambayo mgonjwa wake aghalabu hana wembamba wa kuonekana, na kwa hiyo hufichika zaidi. Hushikwa na vipindi vya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akijiona hana uwezo wa kujizuia, kisha kwa fedheha na hofu hujitapisha, au hunywa dawa za kuharisha, au hujinyima siku mbili, au hujitesa kwa mazoezi. Macho ya mzazi yaangalie migongo ya vidole, ambako meno huacha makovu kwa kidole kutiwa kooni mara kwa mara; yaangalie meno yaliyoliwa na tindikali ya tumbo, mashavu yaliyovimba chini ya masikio kwa matezi ya mate, na desturi ya kukimbilia chooni mara tu baada ya chakula na kufungulia bomba ili sauti isisikike. Kutapika na kuharisha huondoa potasiamu katika damu, na upungufu wa potasiamu waweza kuuvuruga moyo wa mtu aliyeonekana jana akicheka sokoni Mwanjelwa.

Yako pia maradhi ya ulaji wa kupindukia, ambayo yana vipindi vile vile vya kula pasipo kujizuia lakini hayafuatwi na kujitapisha, nayo huambatana mara nyingi na unene, kisukari na huzuni nzito. Na yako ya mtoto au mtu mzima anayekataa takriban vyakula vyote, si kwa hofu ya kunenepa, bali kwa kuchukizwa na harufu, au kwa hofu ya kukabwa. Shirika la Afya Duniani huyataja yote hayo katika uainishaji wake wa kumi na moja wa maradhi, ulioanza kutumika Januari 2022, na pamoja nayo hutaja jambo ambalo wasomaji wengi watastaajabu kulikuta humo, nalo ni kula visivyo chakula.

Hapa tumefika nyumbani kabisa. Nani asiyevijua vipande vya udongo vilivyofinyangwa na kukaushwa, viuzwavyo katika masoko yetu kwa jina la pemba, na nani hajamwona mama mjamzito akivitafuna kwa raha? Katika ujauzito jambo hili ni desturi iliyoenea, na tabibu hapaswi kuliita maradhi ya akili ila likizidi kiasi au likileta madhara. Walakini madhara yapo. Mtafiti Sera Young na wenzake, waliochunguza wanawake wajawazito kisiwani Pemba, waliona kwamba kula udongo au mchele mbichi kulifuatana na upungufu wa damu, na uchunguzi mwingine uliofanywa kwa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kanda ya ziwa ulikuta madini yenye sumu ndani ya udongo wanaoula. Watu wa Chunya, ambako dhahabu imechimbwa tangu zama za mkoloni, wana haki ya kulifikiri jambo hilo kwa makini. Hamu ya udongo, ya mkaa, ya barafu au ya mchele mbichi isiyokwisha ni sababu ya kutosha ya kumwomba mkunga apime wingi wa damu, hata kama mama mwenyewe anaona aibu kuitaja.

Narudi kwa wale wanaosema maradhi haya ni ya wageni. Maneno yao si ya kupuuzwa, maana kwa muda mrefu matabibu wenyewe walisema hivyo. Dakta Frank Njenga wa Nairobi na mwenzake walipochapisha mwaka 2004 matokeo yao juu ya anoreksia nchini Kenya, ilidhihirika kwamba madaktari wa akili wa huko walikuwa wameiona kwa nadra sana. Na uchunguzi wa mwaka 1994 uliolinganisha Waganda na Waingereza ulionyesha kwamba Waganda waliusifu zaidi mwili ulionona. Hata kwetu pwani, mwari alikuwa akifichwa ndani, akalishwa mpaka akanawiri, ndipo atolewe. Lakini mizani za uzuri hazikai mahali pamoja. Visiwa vya Fiji vilikuwa na mapenzi hayo hayo ya miili iliyojaa, na mtafiti Anne Becker alipowauliza wasichana wa shule katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, runinga ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, hakumpata hata mmoja aliyekiri kujitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 walikiri. Tanzania Bara nayo haikuwa na runinga mpaka mwaka 1994, mwaka ule ule yaliporejeshwa mashindano ya urembo wa taifa yaliyokuwa yamepigwa marufuku tangu 1968. Na mwaka 2007 watafiti waliowachunguza wanawake na wasichana zaidi ya 200 wa Tanzania walitangaza kwamba miongoni mwao walikuwamo wenye maradhi ya ulaji, na kwamba kuzoea vyombo vya habari na mambo ya kigeni kulihusiana na dalili hizo. Hayo yalikuwa kabla simu ya kiganjani haijaweka kioo katika mkono wa kila mwanafunzi.

Tena si kila anayejinyima anafuata picha. Ghana, mwaka 2004, watafiti waliowapima wasichana 668 wa shule za sekondari waliwakuta 10 waliojinyima chakula kiasi cha kudhoofika, nao hawakutaja hofu ya unene, bali walizungumza kwa lugha ya dini: kujitawala, kuishinda njaa, kutakasika. Nalitaja jambo hili kwa heshima kubwa, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya ibada, tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 hata makanisa ya uamsho ya leo, pamoja na misikiti yetu, na saumu ni nguzo njema katika imani zote hizo. Lakini saumu ya dini ina wakati wa kuanza na wakati wa kufuturu, humsamehe mgonjwa, na humrudisha mfungaji mezani pamoja na watu. Mfungo usio na mwisho, unaoongezwa kila juma, unaofanywa kwa siri, na unaomtia mtu hofu siku ya kufungua, haukubaliwi na sheikh wala na mchungaji mwenye maarifa.

Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa Rungwe katika miaka ya thelathini, walieleza namna Wanyakyusa walivyoweka kula pamoja katikati ya maisha. Wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakawa wanakwenda kwa kundi kula katika nyumba ya mama wa huyu leo na mama wa yule kesho, na furaha ya kukaa pamoja, iitwayo ukwangala, ilihesabiwa kuwa ndiyo utu wenyewe. Mchoyo alaye peke yake alitiliwa shaka, na wachawi waliaminiwa kuwa na chatu tumboni anayewaka kwa uchu wa nyama na maziwa. Sisemi turudi katika imani ya chatu, kwani imani hiyo ilidhulumu watu, na hata leo mtu alaye kwa siri kwa sababu ya ugonjwa aweza kupata madhara makubwa kwa kusingiziwa uchawi. Nasema tu kwamba sinia la pamoja lilikuwa na faida moja ambayo hatukuijua mpaka ilipopotea: asiyekula alionekana siku ya kwanza, na aliyekula kwa pupa ya maradhi alionekana siku hiyo hiyo. Leo mwanafunzi wa chuo Mbeya au Iringa hupanga chumba, hujipikia kwenye jiko la gesi, au hajipikii, na anapompigia mama simu jioni, swali huwa, "Umekula, mwanangu?" na jibu huwa, "Shikamoo mama, nimekula," na jibu hilo hukubaliwa kwa miezi minne.

Tiba ipo, na jambo linalonipa matumaini ni kwamba sehemu yake kubwa haihitaji mitambo. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyothibitishwa zaidi ni ile iliyobuniwa katika hospitali ya Maudsley, London, ambayo kwayo wazazi, pasipo kulaumiwa na pasipo kumlaumu mtoto, hukabidhiwa kazi ya kumlisha: wao ndio wanaopakua, wanaoketi naye kila mlo, wanaongoja kwa upole na kwa msimamo mpaka sahani iishe, kwa miezi kadhaa, kisha humrudishia mamlaka kidogo kidogo. Aila ya Kihehe yenye bibi, shangazi na kaka wa kupokezana zamu ina watu wa kutosha kwa kazi hiyo kuliko aila nyingi za London. Bulimia na ulaji wa kupindukia hutibiwa kwa mazungumzo yenye utaratibu na mtaalamu, ambayo humrejesha mgonjwa katika milo ya saa maalumu na kuzivunja fikra zinazomsukuma, na bulimia husaidiwa pia na baadhi ya dawa za sonona.

Liko onyo moja ambalo kulipuuza kunaua. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu asilishwe kwa ghafla nyumbani, kwa nia njema ya bibi anayetaka kumrudishia mwili kwa juma moja la wali na nyama. Kwa sababu chakula kingi kikiingia ghafla, madini ya fosfati, potasiamu na magnesi hukimbia kutoka katika damu kuingia ndani ya chembe za mwili, na moyo waweza kusimama. Aliyepungua sana, au aliyekaa siku nyingi karibu bila kula, aanze kulishwa hospitalini, damu yake ikipimwa kila siku, akipewa vitamini ya B1 kabla ya chakula na wakati wa kuanza chakula, na kiasi kikiongezwa kwa hatua.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na hospitali za rufaa za mikoa huhudumia maradhi ya akili pia, ila aila nyingi hazidhanii kwamba kukonda kwaweza kupelekwa huko. Anayempeleka mgonjwa wake amweleze tabibu mambo ambayo mizani peke yake haisemi: alianza lini kuacha mlo upi, hedhi ilikoma mwezi gani, amezimia mara ngapi, anatapika au la, anafanya mazoezi kiasi gani, na amewahi kusema kwamba amechoka kuishi au la. Mapigo ya moyo yahesabiwe akiwa amelala na tena akiwa amesimama, na potasiamu ipimwe. Majibu ya virusi na ya kifua kikuu yakirudi safi, aila ishukuru, kisha iombe siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka katika lango la hospitali, kwamba mtoto wao aonwe na mtaalamu wa akili.